Uyoga wa dawa na saratani ya mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya mapafu, na zaidi kwa ndugu zao wanaokesha wakitafuta chochote cha kusaidia. Unahusu uyoga unaouzwa kama dawa na kemikali zinazotolewa ndani yake. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Yeye ndiye mwenye picha za kifua chako, majibu ya biopsi na vipimo vyako vya damu.

Je, uyoga unaponya saratani ya mapafu?

Hapana. Hakuna uyoga, wala kemikali ya uyoga, iliyothibitishwa kuponya saratani ya mapafu kwa binadamu, iwe ile ya seli ndogo au ile isiyo ya seli ndogo, ambayo ndiyo hupata asilimia 85 hivi ya wagonjwa. Saratani ya mapafu kwa jumla inaua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote duniani, takriban milioni 1.8 kwa mwaka 2022 pekee. Anayeuliza swali hili anastahili jibu lisilozunguka.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: je, zipo kemikali za uyoga zinazoweza kuyaongezea nguvu matibabu yaliyopo, au kuzaa dawa mpya? Hapo kuna kazi ya kweli iliyofanywa kwa zaidi ya miaka 50, na inafaa kuijua ilivyo, bila kuikuza wala kuidharau.

Kwa nini wanasayansi wanajishughulisha na uyoga?

Kwa sababu dawa kadhaa wanazotundikiwa wagonjwa wa saratani ya mapafu leo zilitoka kwenye mimea. Paklitakseli ilipatikana kwenye gome la mti uitwao Taxus brevifolia. Vinorelbini imetengenezwa kutokana na kemikali za Catharanthus roseus, ua lenye asili ya Madagaska. Etoposidi ilianzia kwenye mizizi ya mmea wa Podophyllum. Uyoga nao ni kiumbe kisichoweza kumkimbia adui. Hujilinda kwa kemikali dhidi ya bakteria na wadudu, na baadhi ya kemikali hizo huingilia namna seli zinavyojigawa.

Lakini hakuna mgonjwa anayetibiwa kwa maji ya gome la Taxus lililochemshwa. Kemikali ilitengwa peke yake, ikapimwa sumu yake, ikatafutiwa dozi, ikajaribiwa kwa wagonjwa wengi, na nyingine nyingi zilizoanza safari pamoja nayo zikaachwa njiani. Uyoga uko kwenye safari hiyohiyo, na kemikali zake nyingi bado hazijafika nusu.

Ni kemikali gani hasa zinazozungumziwa?

Kundi kubwa ni polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, hasa zile ziitwazo beta-glukani zinazojenga kuta za seli za uyoga. Kundi la pili ni triterpeni. Hizi ndizo zinazoupa uyoga wa reishi ule uchungu wake, na ndani yake mna asidi za ganoderiki. Halafu kuna kemikali ndogondogo zenye nguvu, kila moja na hadithi yake: kodisepini kutoka kwa Cordyceps militaris, na iludini kutoka kwa uyoga wenye sumu wa jenasi ya Omphalotus. Makundi haya hayafanyi kazi kwa njia moja. Anayekwambia tu kwamba “uyoga unapambana na saratani” bila kutaja uyoga gani na kemikali gani hajakwambia kitu.

Beta-glukani inafanya nini mwilini?

Kwa kawaida haiui seli ya saratani moja kwa moja. Mwili wa binadamu hautengenezi beta-glukani, kwa hiyo seli za kinga zikikutana nayo huichukulia kama dalili kwamba kuvu ameingia. Makrofaji na seli za dendriti zina kipokezi kiitwacho dectin-1 kinachoinasa, na zikishaamka huita wenzao: seli T, na zile seli za kinga zinazoua bila kusubiri maelekezo, ziitwazo seli NK. Ni kama askari wa zamu waliopigiwa kengele.

Tatizo ni kwamba uvimbe wa mapafu mara nyingi haushindwi kwa sababu kinga imelala. Seli zake nyingi huvaa protini iitwayo PD-L1, ambayo humwambia askari aliye macho kabisa kwamba apite tu. Ndiyo maana dawa za kingatiba kama pembrolizumabu, zinazovunja mazungumzo hayo, zimebadilisha maisha ya wagonjwa wengi, ilhali miongo ya “kuamsha kinga” kwa jumla haikuleta mabadiliko ya ukubwa huo. Wapo watafiti wanaojiuliza kama beta-glukani na kingatiba zikiunganishwa zitasaidiana. Ni wazo lenye mantiki, lakini bado halijawa tiba.

Nasikia Japani waliidhinisha dawa ya uyoga. Ni kweli?

Ni kweli, na hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uyoga wenyewe ni Trametes versicolor, ule mwembamba wenye mistari ya rangi unaoota kwenye magogo. Wajapani walitoa ndani yake mchanganyiko wa polisakaridi na protini uitwao PSK, ukaidhinishwa mwaka 1977 kwa jina la Krestin. Wachina nao walitengeneza ndugu yake, PSP. Nchini Japani PSK ilitumiwa pamoja na tibakemikali kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo na ya utumbo mpana baada ya upasuaji, na pia kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo. Kwa hiyo ya mapafu maelezo ya matumizi yalisema inarefusha muda ambao uvimbe unaendelea kuitikia matibabu. Hayakusema inaponya, wala inatumika peke yake.

Utafiti mmoja wa Japani uliotolewa mwaka 1993 uliwafuatilia wagonjwa 185 wa saratani isiyo ya seli ndogo waliotibiwa kwa mionzi. Waliokuwa hatua ya kwanza na ya pili wakapewa PSK, asilimia 39 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 16 ya wasiopewa. Kwa hatua ya tatu ilikuwa asilimia 22 dhidi ya 5. Takwimu hizi zinavutia sana, na wauzaji wanazipenda. Kinachoachwa nje ni kwamba wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Wagonjwa wasipogawanywa kwa kura, huenda waliopewa dawa ni wale waliokuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, na tofauti yote au sehemu yake ikatokana na hilo. Tena ni matibabu ya zama nyingine, kabla ya vidonge vinavyolenga mabadiliko ya jeni na kabla ya kingatiba.

Kuhusu PSP, kulikuwa na jaribio dogo Hong Kong lililochapishwa mwaka 2003. Wagonjwa 68 wa saratani isiyo ya seli ndogo iliyosambaa waligawanywa makundi mawili, 34 wakapewa PSP kwa siku 28 na 34 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa PSP chembe zao nyeupe za damu na kingamwili zilikaa vizuri zaidi, na wachache zaidi kati yao walilazimika kutolewa kwa sababu ugonjwa umeendelea. Uvimbe haukutoweka, na siku 28 ni chache mno kusema lolote kuhusu kuishi.

Mwaka 2015 mapitio ya kisayansi yalikusanya tafiti 28 za PSK kwa saratani ya mapafu, sita kati yake zikiwa majaribio ya kugawanya kwa kura. Waandishi waliona dalili nzuri kwa kinga, kwa nguvu za mwili na kwa muda wa kuishi, wakasema yanahitajika majaribio makubwa zaidi yanayoendana na matibabu ya sasa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tathmini ya haki: PSK ina dalili njema, imetumika kama msaidizi wa hospitali, na haijawahi kuwa mbadala wa hospitali.

Na shitake?

Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake huko Tokyo walitangaza kwamba wametoa ndani ya shitake, uyoga unaoliwa sana Japani, beta-glukani waliyoiita lentinani, na kwamba ilizuia uvimbe kwa panya. Mwaka 1985 Japani iliiruhusu itumike pamoja na tibakemikali kwa saratani ya tumbo. China imefanya majaribio mengi ya kuiunganisha na tibakemikali ya mapafu, mengi madogo na yenye kasoro za mpangilio, yakielekea kuonyesha kwamba mgonjwa anajisikia vizuri zaidi na anavumilia tibakemikali.

Lentinani ya hospitali hudungwa kwenye mshipa. Ukila shitake, mnyororo huo mkubwa wa sukari haupiti ukuta wa utumbo ukaingia kwenye damu vilevile. Kwa hiyo matokeo ya sindano hayawezi kuhamishiwa kwenye mchuzi au kapsuli.

Reishi ndiyo inayouzwa zaidi. Ushahidi wake ukoje?

Ganoderma lucidum, inayoitwa reishi au lingzhi, imetumika katika tiba ya Kichina kwa karne nyingi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua ushahidi wa tiba, ya mwaka 2012, yaliyosasishwa 2016, yalipata majaribio matano tu yaliyostahili kuhesabiwa kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, yenye jumla ya washiriki 373. Hitimisho lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuifanya reishi kuwa tiba ya kwanza ya saratani. Ikiambatanishwa na tibakemikali au mionzi kulikuwa na dalili za uvimbe kuitikia vizuri zaidi na baadhi ya seli za kinga kuongezeka, ila ubora wa majaribio ulikuwa hafifu na hakuna lililopima kuishi kwa muda mrefu. Madhara machache yaliripotiwa, yakiwemo kichefuchefu na kukosa usingizi.

Maabara, asidi za ganoderiki zimeonekana kuzisukuma seli za saratani ya mapafu zijiue. Hilo ni la kweli, na jibu la swali linalofuata linaeleza kwa nini halitoshi.

Nimesoma kwamba dondoo la uyoga liliua seli za saratani ya mapafu kwa saa chache tu. Mbona hospitali hazitumii?

Tafiti nyingi za aina hiyo hutumia seli ziitwazo A549, zilizotolewa mwaka 1972 kwenye uvimbe wa mapafu wa mwanamume wa miaka 58 na kuendelezwa maabara hadi leo. Seli hizo ziko ndani ya sahani, bila damu, bila ini, bila figo, bila kinga. Mtafiti humimina kemikali juu yake kwa kiwango anachotaka. Hata siki ikimiminwa itaziua.

Kemikali hiyohiyo ikimezwa inakutana kwanza na asidi ya tumbo, halafu utumbo unaoweza kuikataa, halafu ini linaloivunja. Kinachofika kwenye uvimbe ndani ya pafu huenda ni sehemu ndogo mno ya kile kilichokuwa kwenye sahani. Kuongeza dozi ili kufidia kunaweza kumuumiza mgonjwa kabla ya kuuumiza uvimbe.

Majaribio ya panya yanasogea mbele hatua moja tu. Uvimbe unaotumika sana, wa Lewis, ulitokea kwa panya mmoja mwaka 1951 na tangu hapo unapandikizwa, mara nyingi chini ya ngozi. Hukua kwa siku chache, tofauti na uvimbe wa binadamu uliojengeka kwa miaka ukijifunza kuikwepa kinga. Ukisoma habari ya namna hii, tafuta sentensi inayosema kemikali ilijaribiwa kwa nani. Kama ni seli au panya, ni habari njema kwa watafiti. Kwa mgonjwa bado haibadilishi kitu.

Kuna kemikali ya uyoga iliyopita hatua hiyo ikawa dawa halisi?

Zipo zilizojaribu, na mbili zinafundisha mengi.

Kodisepini ilitambuliwa mwaka 1950. Inafanana sana na adenosini, moja ya matofali ambayo seli hujengea vinasaba, kiasi kwamba seli huichukua kimakosa na kushindwa kuendelea na kazi. Udhaifu wake ni kwamba ndani ya damu kuna kimeng'enya kinachoivunja haraka, kwa hiyo kodisepini ya kumeza au ya kudungwa haidumu kufika kwenye uvimbe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya NuCana waliibadilisha muundo ili isivunjwe na iingie ndani ya seli bila kubebwa, wakaiita NUC-7738. Mwaka 2021 walieleza kwamba maabara ina nguvu hadi mara 40 kuliko kodisepini ya asili, na kwamba wagonjwa wa kwanza wa saratani sugu waliivumilia. Majaribio hayo ni ya mwanzo na hayajaifanya tiba ya saratani ya mapafu. Lakini tazama maana yake kwa mnunuzi wa unga wa Cordyceps: wenye kuamini kemikali hii kuliko wote ndio walioona kwamba haiwezi kufanya kazi ikiwa kama ilivyo kwenye uyoga.

Ya pili ni iludini. Ni sumu kali inayoharibu vinasaba, na kutoka kwake ilitengenezwa irofulveni. Dawa hiyo ilifika majaribio ya hatua ya pili kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo, haikuleta mafanikio yaliyotarajiwa, na kwenye majaribio ya saratani mbalimbali baadhi ya wagonjwa walipata matatizo ya macho. Haijawahi kuidhinishwa. Watafiti hawajaikatia tamaa familia hiyo, na kemikali za ukoo wake zinaendelea kujaribiwa.

Naweza kutumia uyoga pamoja na matibabu ya hospitali?

Usianze kabla ya kumwonyesha daktari wa saratani au mfamasia bidhaa yenyewe. Sababu zinatofautiana na matibabu uliyonayo.

Kama unameza vidonge vinavyolenga jeni, mfano gefitinibu, erlotinibu, osimertinibu au krizotinibu, dawa hizi hushughulikiwa kwenye ini, kwa kiasi kikubwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Dondoo za baadhi ya uyoga, reishi ikiwemo, zimeonekana maabara kuingilia vimeng'enya vya ini. Kimeng'enya kikizuiwa, dawa hujazana mwilini na madhara huongezeka. Kikichochewa, dawa hupungua na uvimbe unapata nafasi. Yote mawili hutokea bila wewe kuhisi chochote mwanzoni.

Kama unatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kuwa mwangalifu zaidi. Reishi inaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, na uyoga wa maitake umeripotiwa kuongeza nguvu ya wafarini. Wagonjwa wa saratani ya mapafu wengine hukohoa damu, na wengine wanaelekea upasuaji, kwa hiyo jambo hili si dogo. Mweleze daktari wa upasuaji mapema kila unachotumia.

Kama unapata sisplatini, moja ya dawa za tibakemikali, figo zako ziko kazini tayari. Zisiongezewe mzigo wa uyoga uitwao chaga, ambao nimeueleza hapo chini.

Kama uko kwenye kingatiba, hatari inayohofiwa ni kinga kuushambulia mwili wenyewe, hata mapafu yaliyobaki na afya. Kuongeza kitu kinachochochea kinga bila usimamizi ni kujaribu jambo ambalo hakuna aliyelipima vya kutosha. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York iliwahi kuwapima wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti waliopewa dondoo la maitake, na mwaka 2009 ikaripoti kwamba baadhi ya vipimo vya kinga vilipanda na vingine vilishuka. “Kuongeza kinga” si kitufe kimoja unachokibonyeza.

Uyoga wa dawa una madhara gani?

Wengi hawapati zaidi ya tumbo kuchafuka, mdomo mkavu au kuwashwa. Wachache hupata makubwa. Madaktari wa Japani waliripoti mwaka 2006 wagonjwa watatu wa saratani walioharibika ini vibaya baada ya kutumia uyoga wa Agaricus blazei, wawili kati yao wakafariki. Kuharibika kwa ini kumeripotiwa pia kwa watumiaji wa unga wa reishi. Chaga ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kuumiza figo, na Japani hiyohiyo iliripoti mgonjwa wa saratani ya ini aliyekunywa unga wake kwa miezi hadi figo zikafeli. Shitake isiyoiva vizuri huweza kusababisha vipele vya mistari mwilini, kama mtu aliyechapwa viboko.

Na kwa mwenye mapafu yaliyokwisha kudhoofika, vumbi la mbegu za uyoga si la kuchezea. Wafanyakazi wa mashamba ya uyoga hupata ugonjwa wa mapafu kuvimba ndani (si saratani), unaotokana na kulivuta kwa muda mrefu. Kwa hiyo unga wa mbegu za reishi usiumimine ukarusha vumbi mbele ya mgonjwa anayetumia oksijeni, na kamwe usivutwe kama mvuke.

Lakini ni kitu cha asili. Kikikosa kusaidia, si hakitadhuru?

Mapafu yenyewe yametoa jibu la swali hili. Zamani ilionekana kwamba watu wenye beta-karotini nyingi kwenye damu, ile rangi ya asili iliyomo kwenye karoti, hupata saratani ya mapafu mara chache zaidi. Ikaonekana busara kuwapa wavutaji sigara vidonge vyake. Finland waliwajaribu wanaume wavutaji 29,133, na matokeo yaliyotoka mwaka 1994 yaliwashtua wote: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani jaribio jingine la wavutaji na watu waliofanya kazi na asbesto lilisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakipata saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi.

Beta-karotini ni ya asili, ni salama kwenye chakula, na nadharia yake ilikuwa nzuri. Bila majaribio ya kugawanya kwa kura, ingekuwa bado inauzwa leo kwa wavutaji kama kinga ya mapafu. Simaanishi kwamba uyoga utafanya hivyohivyo. Ninachosema ni kwamba wagonjwa hawawezi kulindwa kwa nadharia nzuri.

Tunataka kujaribu uyoga kwanza kwa miezi michache, ukishindikana ndipo twende hospitali. Mnashauri nini?

Tafadhali msifanye hivyo. Kati ya maswali yote, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu huulizwa na watu wanaompenda mgonjwa wao, na muda wanaoupoteza haurudi.

Saratani ya mapafu inayoweza kukatwa leo inaweza kuwa imefika kwenye tezi, ini au ubongo baada ya miezi michache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa watu 281 wenye saratani ambazo hazijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, wakawalinganisha na wenzao wa hali inayofanana waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya mapafu, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 41 kwa waliotibiwa hospitali, na asilimia 20 kwa waliochagua tiba mbadala. Hiyo ni nusu.

Kama kinachowatisha ni tibakemikali, semeni hivyo kwa daktari waziwazi. Si kila mgonjwa wa mapafu anatundikiwa tibakemikali. Uvimbe ukiwa na mabadiliko ya jeni la EGFR au ALK, mgonjwa anaweza kutibiwa kwa vidonge. Ulizeni kama kipimo hicho kimefanyika. Na hata pale ambapo kupona hakutarajiwi, kuna tiba shufaa ya kupunguza maumivu, kukosa pumzi na kikohozi, inayofaa kuanza mapema bila kusubiri siku za mwisho.

Nikikubaliwa kutumia, nitambueje bidhaa ya kweli?

Ni vigumu kwa macho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani, na tano tu ndizo zilizolingana na maandishi ya lebo. Tafuta lebo inayotaja jina la kisayansi, sehemu ya uyoga iliyotumika na kiwango cha beta-glukani. Neno “polisakaridi” peke yake halitoshi, maana hata wanga ni polisakaridi, na bidhaa zinazotengenezwa kwa nyuzi za uyoga zilizooteshwa juu ya nafaka zinaweza kuwa na wanga mwingi wa nafaka hiyo. Lebo inayoahidi kuponya saratani irudishe ilikotoka.

Je, kula uyoga wa kawaida kunaruhusiwa?

Ndiyo, ukiwa umepikwa ukaiva. Ni chakula kizuri kwa mtu aliyepoteza hamu ya nyama. Chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka baada ya tibakemikali, epuka mbichi.

Na uyoga wa kuokota porini?

Hapana. Amanita phalloides huua kwa kuharibu ini, kupikwa hakuondoi sumu yake, na dalili huchelewa kwa saa 6 au zaidi, wakati sumu imeshaingia. Mgonjwa ambaye ini lake tayari linahangaika na dawa hana nafasi ya kosa hilo.

Uyoga unaweza kuzuia saratani ya mapafu kwa mvutaji sigara?

Hakuna ushahidi wa kumtegemezea mtu maisha yake. Kuacha sigara kunapunguza hatari katika umri wowote. Kwa aliyevuta sana kwa miaka mingi, kuna kipimo cha CT cha mionzi midogo: jaribio kubwa la Marekani lilionyesha mwaka 2011 kwamba kinapunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ukilinganisha na eksirei ya kifua.

Mgonjwa wetu ameshaanza kutumia kimyakimya. Tufanyeje?

Msimgombeze, maana atazidi kuficha. Mwambieni kwamba daktari anahitaji kujua ili asiyasome vibaya majibu ya vipimo. Vimeng'enya vya ini vikipanda na daktari hajui kuhusu uyoga, anaweza kuilaumu dawa ya saratani na kuisimamisha bure. Nendeni na chupa au pakiti yenyewe, tarehe alipoanza, kiasi anachotumia kwa siku, na orodha ya dawa zake nyingine zote. Ombeni ini na figo vipimwe. Daktari akisema aache, muulizeni sababu. Akisema aendelee, muulizeni vipimo virudiwe lini.

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au ukipungua sana, damu ikitoka puani au kwenye makohozi, ngozi ikijaa vipele, au pumzi ikizidi kubana, aache uyoga na afikishwe hospitali siku hiyohiyo, pakiti ikiwa mkononi. Dawa za saratani asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Hilo litaamuliwa na daktari akishamwona.